Uzito wa Dobi

“Hivi umebeba nini?” jirani aliuliza asubuhi moja, akiwa ameegemea ukuta unaotenganisha nyua mbili.

Mke wa dobi alitazama mikono yake. Ilikuwa na povu tu. Kisha akageuka kutazama alikopita. Kutoka bombani hadi kwenye kamba za kuanikia zilikuwepo nyayo zake, kila moja imeingia ardhini kina cha sufuria, na maji ya sabuni yalikuwa yanakusanyika ndani yake.

“Nimembeba baba watoto,” alisema.

“Bado amekaa?”

“Bado.”

Jirani alikuwa fundi cherehani, na katika vifungo vyote alivyoshona hakuwahi kujishonea cha mdomo. “Wenzio waume zetu wakikaa, tunabeba maneno yao tu,” alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Dobi alikuwa mtu wa kazi. Hilo lisemwe, maana baadaye watu walilisahau. Alikuwa na mkono mwepesi wa pasi, na kola ya kila mteja aliijua kwa kuigusa. Mkewe alifua na kuanika, yeye akapiga pasi na kukunja, na kwa kazi hiyo walimlea binti yao mmoja mpaka akaolewa. Mambo yalianza na mashati ya Mwalimu.

Huyo Mwalimu hakuwahi kufundisha shule yoyote. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Miaka yake yote ya kazi alizunguka madukani na mawe ya kupimia ndani ya mkoba, na aliwahi kumfungia muuza nyama bucha kwa sababu ya robo kilo. Alipostaafu alianza kufundisha watu kwamba duniani hakuna vitu viwili. Kipo kimoja tu, hakina jina wala umbo, nacho ndicho kinachotazama kupitia macho ya kila mtu. Mengine yote ni kama shati lililoachwa kambani, ukaliona magharibi ukadhani mtu.

“Wewe si mwili,” alimwambia dobi siku alipofuata mashati yake. “Wala si huyo anayepiga pasi. Wewe ndiye unayemwona anayepiga pasi.”

“Na anayefua?” aliuliza mke kutoka kwenye beseni.

“Hali kadhalika, mama.”

“Kumbe sote tunatazama,” alisema mke, akaendelea kusugua.

Mke wa dobi alikuwa mcha Mungu. Kila alfajiri, kabla hajashika maji ya kazi, aliwasha taa ya mafuta mbele ya sanamu ndogo ya shaba iliyokuwa kwenye kona ya chumba, akawaombea watu wake mmoja mmoja kwa majina. Mwalimu alimwambia kwamba taa ile ni ya darasa la kwanza. Kuomba kunataka wawili, alisema, mwombaji na mwombwa, na aliyefika hana wawili. Mke alijibu kwamba yeye shule aliishia la saba, na hata huko juu giza likiingia walikuwa bado wanawasha taa.

Dobi akaanza kukaa. Alikaa stoo, juu ya shuka lililokunjwa, miguu amepishanisha, macho nusu wazi. Mwalimu aliiita hali hiyo samadhi. Ni kutulia, alisema, mpaka wazo linakatika, na likishakatika wazo anakatika na mwenye wazo. Siku ya kwanza mke alikuwa kwenye meza ya pasi akimmalizia mumewe kazi, akahisi kitu kimewekwa mabegani, taratibu, kama mtu anavyotwikwa furushi na anayemwonea huruma. Meza aliyoiegemea ililia. Dobi alipotoka stoo kunywa chai, furushi liliondoka. Shuka alilokalia halikuwa na mkunjo hata mmoja.

Wakazoea, kama watu wanavyozoea mgao wa maji. Mume akikaa, mke anakuwa mzito. Mume akiinuka, mke anarudi kama alivyo. Hakunung'unika. Mume na mke hubebana, na alipokuwa na mimba ya binti yao dobi alimchotea maji mpaka siku ya kujifungua. Alichofanya ni kujizoeza tu, asipande kigoda mumewe akiwa stoo.

Lakini Mwalimu hakuridhika.

“Unaingia, unatoka,” alimwambia dobi. “Ukitoka, dunia inakurudia na uchafu wake. Hiyo ni kuloweka, bado hujafua. Samadhi inayokuja na kuondoka ni usingizi wenye adabu. Kaa humo mpaka mbegu yenyewe iungue. Mbegu iliyokaangwa haioti. Siku hiyo hata ukifumbua macho, ukala, ukacheka, hutakuwa umetoka.”

Dobi aliitikia kwa kichwa. Habari za kuloweka alizielewa.

Akaacha kutoka kwa chai ya saa nne. Akaacha kutoka kwa chakula cha mchana. Jioni moja mke na Mwalimu wakamkuta ameegemea ukuta, ila ukuta ulikuwa mbali naye kiasi cha mkono. Mwalimu akaomba mizani. Palikuwa na mizani ya ndoano, ya kupimia mafurushi ya nyumba za wageni. Walimfunga dobi shuka kiunoni, wakamtundika. Mshale ulikwenda hadi uzito wa shati bichi, ukasita, kisha ukarudi kwenye sifuri na kutulia. Mwalimu aliigonga mizani kwa ukucha. Akaigeuza kuutafuta mhuri. Mhuri ulikuwa wake mwenyewe.

“Mizani ni ya haki,” alisema, machozi yakimlengalenga.

“Mwalimu,” alisema mke, “kilo zake zimekwenda wapi?”

“Hazikuwepo.”

“Muuza nyama alipopunguza robo, hukumwambia haikuwepo.”

“Wakati ule nilikuwa mjinga, mama.”

Kesho yake mke alikwenda kwa muuza vyuma chakavu, mwenye mizani ya sakafuni. Akapanda. Mshale ulizunguka, ukapita alama ya mwisho, ukakaa hapo ukitetemeka.

“Mama, hapa nimepimia injini ya lori,” alisema muuza vyuma. “Haikufika huko.”

“Basi leo imefika.”

“Unauza?”

“Si yangu yote,” alisema mke, akashuka.

Kwa maana kilo za mwili wa dobi zilikuwa kidogo. Kilichokuwa kizito ni vile alivyoviacha. Mwalimu alimfundisha kuacha kimoja kimoja, na kila alichokiacha kilijua njia. Aliacha mgongo wake uliouma, ukaja. Aliacha paa linalovuja, likaja. Aliacha wateja na makelele yao, aliacha wazazi wake waliokwisha kufa, aliacha kuwa baba wa mtu. Siku alipoacha hilo la mwisho mkewe alikuwa njiani akitoka dukani, na ilibidi akae juu ya jiwe mpaka pumzi irudi. Jiwe lilididimia.

Watu wakaanza kuja kumtazama dobi. Walileta matunda, wakavua viatu langoni, wakakaa uani kwenye mashuka ya wateja. Kwa kuwa stoo ilikuwa ndogo, Mwalimu akaagiza dobi atolewe nje, na kwa kuwa nje kulikuwa na upepo, mke akamfunga kambani. Alitumia vibanio vya mbao, vile vikubwa vya mablanketi, viwili mabegani na viwili kwenye pindo la suruali. Dobi alielea kati ya mashuka na mashati, uso wake mtulivu, akipeperuka kidogo kila upepo ulipopita. Mteja mmoja aliyefuata suruali yake alimtazama, akauliza kama huyo naye ni wa kupigwa pasi.

“Huyo bado hajakauka,” alisema mke.

Wageni walimsifu dobi kwa wepesi wake. Hakuna aliyeuliza habari za mashimo ya uani, ila walilalamika kwamba mashuka yanalowa yakitandikwa juu yake. Mke aliwapikia chai. Alikuwa ameacha kukaa kwenye viti, kwa kuwa hakuna kiti kilichobaki, na usiku alilala sakafuni ili kuokoa kitanda.

“Wanasema mumeo amekuwa kanda la usufi,” jirani alimwambia kutoka ng'ambo ya ukuta.

“Mzigo wa mwenzio ndio kanda la usufi,” alisema mke. “Huu hawajaupima.”

Binti yao alikaa mtaa wa pili, juu kabisa katika nyumba ya mbao, ngazi nyembamba, vyumba vidogo vinavyonukia rangi. Mumewe aliendesha malori ya masafa na mara nyingi hakuwepo. Binti alikuwa na mimba ya kwanza, na miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Mama yake alikwenda kumtazama. Ngazi ya kwanza ilimpokea. Ya pili ililia. Ya tatu ilivunjika, na mguu wake ukaingia hadi gotini.

Mwenye nyumba alitoka na nyundo mkononi. Alikuwa mzee mwenye adabu. “Mama, nakuheshimu,” alisema. “Lakini ngazi hii ni mbao. Na juu wanakaa watu.”

“Binti yangu yuko juu.”

“Ndiye huyo ninayemsema.”

Mke wa dobi alirudi nyumbani, akasimama mbele ya mumewe pale kambani. “Baba watoto,” alisema, “toka kidogo. Siku za mtoto zimekaribia, na mimi sipandi.”

Mwalimu alimwekea mkono hewani, kama anavyozuiwa mtu asikanyage simenti mbichi. “Ukimwita sasa unamrudisha mwanzo. Subiri. Atatoka mwenyewe akishafika.”

Mke aliamua kusubiri. Alijua jambo moja, na alikuwa ameliona kwa mwili wake. Kila mumewe alipotoka, uzito ulimrudia huyo mume. Basi siku atakapotoka kabisa, utarudi wote. Alfajiri aliwasha taa yake na kuomba kitu kimoja: mumewe atoke kabla mtoto hajaja, ili yeye apande ngazi.

Mtoto hakusubiri. Jirani ndiye aliyeleta habari, sindano bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake. Mkunga alikuwa ameshafika. Mke wa dobi alitembea hadi mtaa wa pili, na pale barabarani lami ilibonyea nyuma yake. Alisimama chini ya ngazi. Jirani akapanda.

Kupitia mbao alisikia binti yake akiita mama. Aliita mara nyingi, na sauti ilibadilika, mwanzo ya mtu anayeita aliye chumba cha pili, mwisho ya mtu anayeita aliye mbali. Mke wa dobi aliitika kila mara. Haijulikani kama huko juu alisikika. Mwenye nyumba alimletea maji, akasimama pembeni, nyundo mkononi.

Kisha kikasikika kilio kingine, kidogo, kama mlango wa kabati unaofunguliwa kwa uangalifu.

Mkunga alishuka na kumweleza. Ni wa kike. Ni mdogo kuliko inavyotakiwa na pumzi yake inakatikakatika. Asitolewe kwenye joto la chumba, asiteremshwe kwenye upepo. Apakatwe, kifua kwa kifua, wapokezane kumpakata, maana mama yake hana nguvu.

“Ataishi?” aliuliza mke wa dobi.

“Mpakateni,” alisema mkunga.

Baada ya hapo kila asubuhi alikwenda chini ya dirisha, na jirani aliteremsha kikapu kwa kamba. Ndani ya kikapu zilikuwemo nepi. Mke wa dobi alizinusa, akazifua, akazipiga pasi, akazirudisha zingali na joto. Hilo ndilo joto lililompandia mtoto kutoka kwa bibi yake. Binti hakutokea dirishani.

“Anasema nini?” mke wa dobi alimuuliza jirani.

“Anasema hukuja,” alisema jirani. “Nimemweleza. Anasema anajua. Lakini anasema hukuja.”

Dobi alifumbua macho asubuhi ya siku kavu, mkewe akiwa anaanika shuka pembeni yake. Aliyafumbua yote mawili. Wageni waliokuwa uani wakasogea karibu. Mwalimu akainama mpaka paji la uso likagusa ardhi.

“Nifungue,” dobi alimwambia mkewe, kwa sauti yake ileile.

Alimfungua kibanio kimoja kimoja. Dobi aliteremka, vidole vya miguu vikagusa mchanga. Mchanga haukuhisi kitu. Alitembea mpaka kwenye mkeka. Aliwajua watu wote. Aliuliza kama nyumba ya wageni ilishachukua mapazia yake. Aliomba chai, akapewa, akainywa, akacheka kwa jambo alilosema mmoja wa wageni. Hakuwa ameharibika popote.

Mke wa dobi alisimama palepale chini ya kamba, miguu imo ardhini, akasubiri. Alisubiri kama mtu aliyefungua bomba kavu anavyosikiliza maji yakija kutoka mbali. Alivuta pumzi, akajaribu kuinua kisigino. Hakikuinuka.

“Mwalimu,” alisema. “Ametoka. Mbona haujarudi?”

Mwalimu alimtazama kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha muuza nyama. “Zamani alikuwa akiingia na kutoka, mama. Sasa hakuna kutoka. Hapo alipo na kikombe mkononi, yumo humo humo. Samadhi ilikuwa mlango. Amepita, na mlango haupo tena.”

“Na uzito?”

“Wa nani?”

Mke wa dobi aliliacha pindo la shuka. Akachomoa mguu mmoja, akachomoa mwingine, akaja mpaka mbele ya mkeka. Wageni walisogeza vikombe vyao visimwagike.

“Baba watoto,” alisema. “Sikuombi urudi. Nakuomba mchana mmoja. Uwe mzito mchana mmoja tu, mimi nipande ngazi nikampakate mtoto, nishuke. Nikishashuka nitaubeba tena. Sitasema kitu.”

Dobi alimtazama. Alimtazama kwa mapenzi, na hilo kila mtu aliliona. Ni mapenzi yaleyale aliyoitazamia birika, na kamba, na jiwe la kusugulia miguu.

“Mke wangu,” alisema, “mtoto gani?”

“Wa binti yako.”

“Hakuna aliyezaliwa. Hakuna aliyekuja, hakuna atakayeondoka. Hakuna wewe wala mimi wa kubebana. Ni kimoja tu, kimekaa.”

“Nilikuwa chini ya ngazi,” alisema mke. “Nilimsikia akizaliwa.”

“Ulisikia sauti.”

Wageni waliitikia kwa vichwa. Mmoja alifumba macho ili alihifadhi neno hilo.

“Sawa,” alisema mke. “Kama hatupo wawili, basi nenda wewe. Wewe mwepesi, hata dirishani utapita. Kampakate. Ukimpakata wewe nimempakata mimi, si ndivyo?”

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo Mwalimu kunyanyua kichwa haraka. Lakini dobi hakusumbuka. Alifikiri, kama mtu anayefikiria jambo la kupendeza, na upepo ukaingia chini yake ukamwinua kidogo kutoka mkekani.

“Aende nani,” alisema, “kwa nani?”

Akanywa chai. Akatazama ndani ya kikombe.

“Hii chai sukari haijakolea,” alisema.

Mke wa dobi alikipokea kikombe. Kila mtu alidhani anakwenda kukiongeza sukari, na wageni wawili walinyoosha vya kwao. Alikiweka chini, juu ya mkeka, wima, kisimwagike. Alikwenda kambani akashusha nepi zilizokauka, akazikunja juu ya mkono wake kama dobi alivyomfundisha zamani, pindo kwa pindo. Akaingia ndani akatoka na taa yake, bado inawaka, kiganja kimeikinga. Mwalimu alimwuliza nani atamfunga mumewe upepo ukizidi. Mmoja wa wageni alimwuliza kama jikoni kuna tangawizi.

Kizingiti cha lango kilikuwa cha zege. Alikikanyaga, kikapasuka katikati, akaelekea mtaa wa pili, kwa binti yake.